Mwongozo wa Kutafuta Kreta Ndogo za Asteroidi kwa Picha za Joto

Alasiri ya tarehe 14 Agosti 1992 mawe ya kimondo yalimwagika juu ya mji wa Mbale na viunga vyake, mashariki mwa Uganda, na kipande kimoja cha gramu chache kikamgonga mvulana kichwani baada ya kupunguzwa kasi na majani ya mgomba. Mawe yale yalitoka kwenye asteroidi, yaani jiwe kubwa linalolizunguka jua, na yalibanduka huko kwa sababu ya migongano ya aina ileile inayochimba kreta, yaani mashimo ya duara yanayobaki pale jiwe moja la angani linapoligonga jingine kwa kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde. Anayetaka kujua uso wa asteroidi una umri gani, ni mgumu kiasi gani, na ni wapi chombo kinaweza kushuka kuchukua sampuli, hana budi kuzihesabu kreta hizo. Zilizo ndogo, za mita chache hadi mita 100, ndizo zinazoeleza zaidi yaliyotokea karibuni, na ndizo zilizo ngumu kuonekana.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa fizikia, walimu wa sekondari na wapenzi wa elimu ya anga walioko Uganda ambao wangependa kuifanya kazi hii wenyewe badala ya kuisoma tu. Data zinazohitajika ziko wazi kwa umma, na kompyuta ya kawaida inatosha. Jambo moja ninataka msomaji alishike tangu mwanzo, kwa kuwa hatua zote zinalitegemea: kreta haitambuliwi kwa doa moja la joto katika picha moja, bali kwa namna joto la mahali hapo linavyobadilika tangu macheo hadi usiku.

Kwa nini joto

Kamera ya mwanga wa kawaida hupata taabu kwenye asteroidi ndogo zenye kaboni nyingi. Ryugu, ambayo chombo cha Japani kiitwacho Hayabusa2 kiliifikia tarehe 27 Juni 2018, huakisi chini ya asilimia 5 ya mwanga unaoifikia, na uso wake umejaa mawe makubwa kwa madogo yaliyorundikana bila mpangilio. Kreta iliyochimbwa kwenye rundo la namna hiyo haiwi na ukingo safi kama tunaouona katika picha za Mwezi. Kivuli cha jiwe na kivuli cha shimo hufanana, na macho huchoka haraka kuvitenganisha.

Kamera ya joto haitegemei mwanga unaoakisiwa. Hupokea mionzi ya infraredi ambayo ardhi yenyewe huitoa kwa sababu ina joto. Kamera ya joto ya Hayabusa2, iitwayo TIR, ilipima mionzi ya urefu wa wimbi wa mikrometa 8 hadi 12, ikiwa na pikseli 328 kwa 248. Kinachoonekana katika picha yake hutawaliwa na mambo mawili: mteremko wa ardhi kulielekea jua, na uwezo wa ardhi hiyo kupokea na kuhifadhi joto. Uwezo huo wa pili huitwa inesha ya joto. Vumbi laini lina inesha ndogo, hivyo hupata moto upesi mchana na kupoa upesi jua likizama. Mwamba mzito una inesha kubwa, hivyo huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa. Mpishi anayetumia mafiga anaijua tabia hii vizuri, maana mafiga hubaki na moto muda mrefu baada ya kuni kuondolewa, ilhali majivu yaliyo juu yake yameshapoa.

Kwa vizio vya kimataifa, inesha ya vumbi la Mwezi ni karibu 50, na ya mwamba mzito usio na matundu huzidi 2000. Ryugu ilipopimwa ilionekana iko kati ya 200 na 300 hivi, na asteroidi nyingine, Bennu, iliyotembelewa na chombo cha Marekani OSIRIS-REx tangu Desemba 2018, iko karibu 300. La kushangaza, ambalo timu ya TIR ilichapisha mwaka 2020, ni kwamba mawe makubwa ya Ryugu hayakuwa baridi kuliko ardhi iliyoyazunguka wakati wa mchana. Yamejaa matundu madogo kiasi kwamba joto hupenya humo kwa shida. Kwa hiyo ile kanuni ya vitabuni, kwamba mchana mwamba huwa baridi na vumbi huwa moto, usiibebe hadi kwenye asteroidi za aina hii bila kuijaribu kwanza.

Anza uwanjani, kabla ya kompyuta

Ninashauri kwa dhati kwamba zoezi la kwanza lifanyike nje, juani. Tafuta mahali palipo wazi pasipo nyasi, penye murramu au mchanga wa ziwa, wakati wa kiangazi, kati ya Desemba na Februari au kati ya Juni na Agosti. Ardhi yenye unyevu hupozwa na maji yanayokauka, na shimo lililotuama maji ya mvua ya jana litakudanganya kabisa. Chimba bakuli lenye upana wa mita moja na kina cha sentimita 10 hadi 12, kisha udongo uliotoka humo uurundike kando kuwa kilima cha ukubwa uleule. Shimo hilo ni kreta yako, na kilima ni jiwe lako.

Kama huna kamera ya joto, tumia kipimajoto cha infraredi cha mafundi, kile cha umbo la bastola ambacho hutumiwa kupima injini na majokofu. Vipimajoto vya paji la uso vilivyoenea wakati wa UVIKO-19 havifai, kwa sababu vimetengenezwa kusoma joto la mwili tu. Vile vya mafundi husoma mionzi ya mikrometa 8 hadi 14, ambayo inakaribiana sana na ile ya TIR. Vingi vina uwiano wa 12 kwa 1, maana yake ukisimama mita 1.2 kutoka ardhini unapima duara la sentimita 10. Tandaza kamba juu ya shimo na kilima ziwe viwanja vya sentimita 10, pima kila kiwanja, andika namba zako kwenye karatasi ya miraba, kisha zipake rangi.

Pima saa mbili na nusu asubuhi, saa sita mchana, saa kumi, na tena saa moja baada ya jua kuzama. Asubuhi utaona upande mmoja wa shimo una moto na wa pili una baridi, na tofauti ni kubwa. Saa sita, hasa karibu na tarehe 21 Machi au 23 Septemba ambapo jua hupita karibu utosini kwa wakazi wa maeneo ya ikweta, shimo litakuwa karibu limepotea kwenye karatasi yako ingawa unaliona kwa macho. Usiku, tofauti zinazobaki hutokana zaidi na aina ya ardhi kuliko mteremko. Weka pia mawe mawili ya ukubwa sawa ndani ya shimo, moja la volkano lenye matundu, kama yale yanayopatikana Kisoro, na jingine zito la mtoni. Saa moja baada ya magharibi yapime yote mawili. Utakachokisoma hapo ndicho TIR ilichokisoma Ryugu, tofauti ikiwa kwamba huku kwetu hewa huchukua sehemu ya joto na kupunguza makali ya kila kipimo.

Tahadhari moja kwa walimu watakaowapeleka wanafunzi magharibi mwa nchi. Mashimo ya duara ya Kasenda, karibu na Fort Portal, na yale ya Katwe yalitokana na milipuko ya volkano. Ni mahali pazuri sana pa kufundishia umbo la bakuli na mwangaza wa jua kwenye kuta, lakini wanafunzi waelezwe waziwazi kwamba duara peke yake halithibitishi kugongwa.

Hatua ya kwanza: amua ukubwa unaoutafuta

Kabla ya kupakua chochote, piga hesabu ya pikseli. Pikseli moja ya TIR hufunika pembe ya nyuzi 0.051, sawa na radiani 0.00089. Zidisha namba hiyo kwa umbali wa chombo kutoka ardhini. Hayabusa2 ilikuwa na kituo chake cha kawaida kilomita 20 kutoka Ryugu, ambako pikseli moja ni karibu mita 18. Kwenye kilomita 5 ni mita 4.5, kwenye kilomita 1 ni sentimita 90 hivi. Kwa maoni yangu kreta haifai kutangazwa kama haina angalau pikseli 8 za upana. Kwa hiyo picha za kituo cha kawaida zinafaa kwa kreta za mita 140 na zaidi tu, na anayetaka kreta ya mita 20 lazima atafute picha zilizopigwa chini ya kilomita 3, wakati chombo kiliposhuka.

Kwa Bennu hali ni tofauti. Kifaa chake cha joto, OTES, hakikuwa kamera. Kilipima doa moja kwa wakati mmoja, na kwenye umbali wa kilomita 5 doa hilo lilikuwa na upana wa mita 40. Kreta ya mita 20 huzama ndani ya doa kama hilo pamoja na majirani zake.

Hatua ya pili: kusanya data

Picha za Hayabusa2 zinapatikana katika hifadhi ya DARTS ya shirika la anga la Japani, JAXA, na za OSIRIS-REx katika hifadhi ya sayari ya NASA, PDS. Faili nyingi ni za muundo wa FITS, ambao programu za bure na maktaba za Python huufungua bila shida. Pakua pia modeli ya umbo la asteroidi na faili za mahali chombo kilipokuwa, kwa kuwa bila hivyo huwezi kujua kila pikseli iliangukia wapi. Programu ya bure iitwayo Small Body Mapping Tool, iliyotengenezwa katika Johns Hopkins University, hukuwezesha kuzibandika picha juu ya modeli ya umbo. Kwa anayelipia bando la intaneti kwa siku, ni busara kupakua mafungu madogo ya tarehe moja moja na kuyakagua kwanza.

Hatua ya tatu: safisha picha

Kamera kama TIR hutumia vihisio visivyopozwa, hivyo mwili wa kamera nao hutoa joto linaloingia katika kipimo. Tumia picha zilizokwisha kurekebishwa na timu yenyewe, zile zilizo katika kizio cha mng'aro (yaani nguvu ya mionzi inayotoka ardhini) au halijoto, isipokuwa kama unataka kujifunza urekebishaji wenyewe. Ondoa pikseli mbovu. Tupa kingo za asteroidi ambako kamera iliiangalia ardhi kwa ulalo mkubwa. Mimi hukata kila pikseli ambayo pembe yake ya kutazamwa inazidi nyuzi 50.

Kosa linalowapata wengi hapa ni kutafuta wastani wa halijoto. Fikiria pikseli moja ambayo nusu yake ina kelvini 390 na nusu nyingine 290. Wastani wa kawaida ni 340, lakini mionzi huongezeka kwa kipeo cha nne cha halijoto, kwa hiyo kipimo cha nishati yote kitasoma karibu 351. Sehemu yenye moto husikika zaidi kuliko ukubwa wake. Ukitaka kuunganisha pikseli au kulinganisha na modeli, unganisha mng'aro kwanza, ndipo ugeuze kuwa halijoto.

Hatua ya nne: ipe kila pikseli saa yake

Kila pointi juu ya asteroidi ina saa yake kulingana na jua. Katika mwongozo huu natumia saa za Kiswahili, ambazo zinafaa sana kwa kazi hii: saa sita mchana ni pale jua linapokuwa juu kabisa, na saa kumi na mbili ni macheo au machweo. Ryugu hujizungusha mara moja kwa saa 7.63 za Dunia, hivyo saa moja ya huko ni dakika 19 tu za kwetu. Bennu hujizungusha kwa saa 4.3.

Kisha tengeneza modeli ya halijoto ya uso laini. Kwa makadirio ya kuanzia, chukua nishati ya jua, ambayo ni wati 1361 kwa mita ya mraba kwenye umbali wa Dunia, igawe kwa mraba wa umbali wa asteroidi kutoka jua (ukihesabu umbali wa Dunia kuwa 1), zidisha kwa kosaini ya pembe ya jua, kisha tafuta kipeuo cha nne baada ya kugawa kwa nguvu ya utoaji mionzi na namba thabiti ya Stefan–Boltzmann. Kwa ardhi nyeusi iliyo kwenye umbali wa Dunia, pale jua lilipo utosini, utapata karibu kelvini 400. Ryugu inapofika mbali kabisa na jua, mara 1.42 ya umbali wa Dunia, namba hiyo hushuka hadi 336 hivi. Modeli kamili huongeza upitishaji wa joto kwenda chini. Kwa Ryugu, joto la mchana mmoja hupenya sentimita chache tu, kwa hiyo unachokipima ni ngozi ya juu ya ardhi, wala hupati habari za kilicho chini zaidi.

Toa modeli kutoka kwenye picha. Picha ya mabaki, yaani kipimo ukiondoa matarajio, ndiyo utakayoifanyia kazi kuanzia hapa. Katika picha ghafi, mpito mkubwa wa joto kutoka asubuhi hadi adhuhuri huzimeza kreta ndogo.

Hatua ya tano: tafuta jozi ya moto na baridi, na uangalie mpangilio wake

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ningependa tuende polepole.

Chukua kreta ya umbo la bakuli ambayo kina chake ni sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Jiometri rahisi inaonyesha kwamba kuta zake karibu na ukingo huwa na mteremko wa nyuzi 23 hivi. Sasa weka jua nyuzi 40 juu ya upeo, ambayo kwenye ikweta ya asteroidi ni kama saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Ukuta unaolitazama jua hupokea miale kwa pembe ya nyuzi 27, ardhi tambarare kwa nyuzi 50, na ukuta uliolipa jua kisogo kwa nyuzi 73. Kama ardhi ingekuwa na kelvini 400 chini ya jua la utosini, na kama isingehifadhi joto lolote, kuta hizo zingekuwa na kelvini 389 na 294, na tambarare 358. Tofauti kati ya ukuta na ukuta ni kelvini 95. Katika hali halisi huwa ndogo zaidi, kwa sababu ardhi huhifadhi joto na imejaa makwaruzo, lakini hubaki kubwa kuliko kelele za kamera, yaani makosa madogo ya kipimo chake.

Rudia hesabu hiyo jua likiwa utosini. Kuta zote mbili hupokea miale kwa nyuzi 23, zinakuwa na kelvini 392, na sakafu 400. Tofauti imeshuka hadi kelvini 8. Kreta ni ileile, shimo ni lilelile, lakini picha ya saa sita imelificha. Kwa sababu hii picha za saa mbili hadi saa nne asubuhi zina thamani kubwa, na anayezipata asiziache. Picha za alasiri zinafaa pia ingawa si sana: ukuta uliokwisha kuingia kivulini ulipata jua asubuhi, bado unashikilia sehemu ya joto lile, na hivyo tofauti hupungua.

Lakini jiwe nalo lina upande wa moto na upande wa baridi. Kinachovitenganisha ni mpangilio. Chora mstari kutoka upande jua liliko kuelekea upande wa pili. Ukikutana na baridi kwanza kisha moto, ardhi inashuka ndipo ipande, na hilo ni shimo. Ukikutana na moto kwanza kisha baridi, ardhi inapanda ndipo ishuke, na hilo ni jiwe au kilima. Jaribu kwenye karatasi yako ya uwanjani na utaona mambo hayo mawili yamekaa kinyume. Kwa hiyo kila kipande cha picha unachokihifadhi kiwe na mshale wa mwelekeo wa jua. Picha isiyo na mshale haina maana yoyote kwa kazi hii.

Sharti hilo linawahusu pia wanaotumia ujifunzaji wa mashine. Ni desturi kuongeza mifano ya mafunzo kwa kuzungusha picha huku na huku. Ukifanya hivyo bila kuuzungusha mshale wa jua pamoja nayo, umeifuta ile alama pekee inayotofautisha shimo na jiwe, na kompyuta itajifunza kukuletea vyote viwili. Ni afadhali kuzizungusha picha zote mwanzoni ili jua liwe upande mmoja, tuseme kushoto, kisha kuziacha hapo.

Kuna jambo la tatu linaloathiri joto: kuta hupashana moto zenyewe kwa zenyewe. Kwa bakuli la kina cha sehemu moja ya kumi, pointi yoyote iliyo ndani huziona kuta nyingine kwa asilimia 4 tu ya anga yake. Kina kikiwa sehemu moja ya tano, huongezeka hadi asilimia 14. Kwa kuwa kreta ndogo za asteroidi nyingi ni za kina kifupi, mchango huu ni mdogo, na sipendekezi kuutegemea kama dalili.

Hatua ya sita: fuata mahali pamoja kwa saa tofauti

Mahali palipokupa jozi sahihi patafutwe katika picha za saa nyingine. Kreta ya kweli hubadilisha upande: asubuhi ukuta ulio upande wa machweo ndio wenye moto, saa sita jozi hufifia, na alasiri moto huhamia ukuta wa upande wa macheo. Doa lisilohama halitokani na mteremko; huenda ni ardhi ya aina nyingine. Karibu na ncha, ambako jua hukaa chini siku nzima, jozi hudumu muda mrefu zaidi, na ukuta unaoielekea ncha hubaki baridi.

Tatizo ni kupata saa za kutosha. Hayabusa2 ilikaa muda mwingi upande wa Dunia, hivyo mara nyingi iliuona upande wa mchana wa Ryugu tu. OSIRIS-REx ilipangiwa vituo saba juu ya ikweta ya Bennu mwaka 2019 ili kila sehemu itazamwe kwa saa mbalimbali, zikiwemo za usiku, na huo ni mfano mwema wa upangaji wa safari.

Hatua ya saba: soma ardhi iliyomo ndani

Jioni na usiku, mteremko hupoteza nguvu na inesha hutawala. Kreta iliyojazwa vumbi laini hupoa upesi na kuwa duara la baridi. Kreta iliyofukua mawe mazito hubaki na joto. Kwenye Mwezi, kifaa cha kupima joto kiitwacho Diviner kilionyesha kwamba kreta ndogo changa huzungukwa na eneo pana linalopoa usiku kuliko kawaida, hata pale ambapo picha za mwanga hazionyeshi kitu.

Kwenye Ryugu watafiti walikuta jambo jingine tena: katikati ya kreta ndogo kulikuwa na madoa ya moto mchana, na yalipochunguzwa yakawa mawe meusi yenye matundu zaidi ya asilimia 70, mepesi kupita mawe mengine ya pale. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021. Nayaona kuwa ya thamani kubwa, kwa sababu mawe hayo yanaaminiwa kuwa mabaki ya malighafi ya kale ya mwili mzazi wa Ryugu.

Hatua ya nane: thibitisha

Linganisha na picha za mwanga na modeli ya kina cha ardhi. Pima kipenyo kwenye ukingo, mara mbili, kwa mielekeo miwili inayokatana. Zigawe ulizozipata katika makundi matatu: za hakika, ambazo jozi imehama na modeli ya ardhi inaonyesha shimo, zinazoelekea kuwa kreta, ambazo jozi ni sahihi kwa saa moja tu, na za mashaka. Mwenzako azipange upya bila kuona majibu yako. Mnapotofautiana, andikeni tofauti hiyo kama ilivyo.

Kipimo kizuri cha mbinu yako kipo tayari. Tarehe 5 Aprili 2019 Hayabusa2 iliipiga Ryugu kwa kipande cha shaba cha kilo 2 kwa kasi ya kilomita 2 kwa sekunde, na kreta iliyotokea ina kipenyo cha mita 14 na nusu hivi. Si duara kamili. Inafanana na nusu duara, kwa kuwa jiwe kubwa lililokuwa jirani liliuzuia upande mmoja. Ipitishe mbinu yako juu ya eneo hilo, kabla na baada ya tarehe hiyo. Ikishindwa kuiona kreta ambayo tunajua ipo, na picha zina pikseli za kutosha, rudi kwenye hatua ya tatu na ya nne kabla ya kutafuta nyingine.

Fanya hivyo mapema, kwa sababu data mpya zinakuja. Chombo cha Ulaya kiitwacho Hera kilirushwa tarehe 7 Oktoba 2024 kwenda asteroidi Didymos na mwezi wake mdogo Dimorphos, ambao NASA iliugonga kwa makusudi tarehe 26 Septemba 2022, na kinatarajiwa kufika mwishoni mwa 2026. Kamera yake ya joto, TIRI, imetengenezwa Japani na ina pikseli 1024 kwa 768. Kwenye umbali wa kilomita 10 pikseli moja itakuwa mita 2.3 hivi, na Dimorphos, wenye upana wa karibu mita 150, utafunika pikseli 65 kwa upana. Baadhi ya modeli za kompyuta zinaonyesha kwamba mgongano ule ulibadili umbo lote la Dimorphos badala ya kuacha kreta ya kawaida. Anayezitazama picha hizo atafute jozi ya moto na baridi, na pia ardhi iliyosogea bila kuacha duara lolote, akianza na picha za asubuhi ya Dimorphos.